Zabuni ya Ofisi, Kompyuta ya Nyumbani

Barabara ya Deuxième Armée Britannique, katika manispaa ya Forest kusini mwa Brussels, ina kiwanda na ina kituo cha taka. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1949, kikaunda Volkswagen kwa miongo mingi, kikaishia kuunda Audi za umeme, na tarehe 28 Februari 2025 kikafungwa. Watu wapatao 3,000 wakabaki bila kazi. Kituo cha taka kiko kwenye barabara hiyohiyo na kinaitwa Recypark Sud. Huko wakazi hupeleka friji zilizokufa, magodoro, televisheni, na kompyuta. Kati ya kompyuta hizo zipo ambazo ukizichomeka zinawaka vizuri tu.

Kilichozitoa ofisini na majumbani ni kalenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikuwa imeshakadiria, Desemba 2023, kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingepoteza soko kwa sababu hiyo. Watumiaji wa Ulaya walipata ahueni ya mwaka mmoja bila malipo, hadi Oktoba 2026, baada ya vyama vya watumiaji, Euroconsumers kikiwa mbele, kulalamika. Mwaka mmoja si mwingi kwa familia inayohesabu senti. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Aliye na kizazi cha saba, hata kama mashine yake inakimbia, kwa kawaida hakubaliwi.

Basi swali linalonikera ni hili: familia ya kipato kidogo inayoishi Forest ya chini, kule Saint-Antoine na pembeni mwa reli, ambako wamejaa wageni wa kila bara, wakiwemo watu wa Kivu, Burundi na Rwanda, ipate vipi kompyuta yake ya kwanza? Nasema kompyuta, si simu. Simu kila mtu anayo. Lakini jaribu kuandika wasifu wa kuomba kazi kupitia Actiris, ofisi ya ajira ya Brussels, kwenye kioo cha inchi sita, au kumsimamia mtoto anayeandika insha, au kutuma fomu ya kodi inayotaka kadi ya kitambulisho iingizwe kwenye kisomeo. Wakfu wa Mfalme Baudouin ulitoa takwimu mwaka 2022 kwamba asilimia 46 ya Wabelgiji walikuwa hatarini kuachwa nyuma kidijitali. Bunge la jimbo la Brussels lilipopitisha sheria ya kuhamishia huduma za serikali mtandaoni, Januari 2024, vyama kama Lire et Écrire, kinachofundisha watu wazima kusoma na kuandika, vilikuwa vimeshapigia kelele suala la wasio na uwezo. Dirisha lenye mtu nyuma yake lilibaki kwenye sheria kwa sababu ya kelele hizo. Lakini foleni ya dirisha hilo anaijua aliyewahi kuipanga.

Jibu la serikali mara nyingi huwa laptop. Waflemi walitenga euro milioni 375 kwa mpango wao wa Digisprong, na kuanzia 2021 wanafunzi wa shule zinazotumia Kiholanzi, za Brussels pia, wakaanza kupewa laptop. Sina ugomvi na hilo. Mtoto lazima abebe kitu kwenda shule. Ugomvi wangu ni na laptop mpya ya bei ya chini kabisa, ile ambayo mzazi huinunua dukani Septemba kwa sababu tangazo limemvuta. Humo RAM imelehemiwa kwenye ubao, na hifadhi imelehemiwa pia, mara nyingine GB 64 tu, ambazo Windows yenyewe inakaribia kuzimaliza. Siku ikizidiwa, hakuna unachoweza kuongeza. Ni bei rahisi inayolipwa mara mbili.

Wapenzi wa kompyuta wana jibu jingine: jiundie mwenyewe. Nunua kasha, ubao mama, prosesa, RAM, diski ya SSD na pawa saplai, chukua bisibisi moja, na jioni moja inatosha. Naupenda ushauri huu, na una ukweli mkubwa ndani yake. Mfano bora ni soketi ya AMD iitwayo AM4. Aliyenunua ubao wa aina hiyo mwaka 2017 pamoja na Ryzen ya kwanza aliweza, mwaka 2022, kuchomoa prosesa ile na kuweka Ryzen 7 5800X3D kwenye ubao uleule, ikiwa mtengenezaji wake alitoa toleo jipya la BIOS, programu inayoiamsha mashine. Miaka mitano imepita, kasha, pawa saplai na RAM ni zilezile, na mashine imerudi kuwa miongoni mwa zenye nguvu. Tena Ryzen ya kwanza haikubaliwi na Windows 11, lakini ile mpya inakubaliwa. Huko ndiko kuongeza uwezo kwa maana halisi.

Ila vipande vipya vimepanda bei vibaya. Katika nusu ya pili ya 2025, RAM iliongezeka bei zaidi ya mara mbili, kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron wanaelekeza mitambo yao kwenye memori za vituo vya akili mnemba, ambako faida ni nono. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wanaoanza kuunda kompyuta wamelitegemea kwa miaka. Juu ya hapo weka VAT ya Ubelgiji ya asilimia 21. Kumwambia mama mwenye watoto watatu na posho ya ustawi wa jamii aanze na vipande vipya ni kumfanyia mzaha.

Mimi namshauri aanze na mtumba: kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini. Kwa mtu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, hili si jambo geni. Nairobi wanaziita ex-UK, na shule na saluni nyingi za Afrika Mashariki zimeendeshwa nazo. Cha ajabu ni kwamba wengi wakishavuka bahari huona aibu kununua kitu hichohicho, wakati wako mlangoni kwa chanzo chake. Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre yenye Intel ya kizazi cha nane inapatikana Brussels chini ya euro 200, na nyingine huokotwa bure kwa anayejua mtu ofisini.

Kuifungua hakuhitaji fundi. Unailaza ubavu, unavuta kitasa, bamba la pembeni linatoka. Utakuta vumbi limejaa kwenye feni kama sufu. Kipande cha RAM kinashikwa na vibanio viwili. Ukikisukuma sawasawa kwa vidole gumba, vibanio vinalia tak na kujifunga vyenyewe. Wanaoanza huuogopa mlio huo, wakakiacha kipande kimekaa nusu, kisha wakadhani wameua mashine kwa sababu skrini imebaki nyeusi. Hawajaua kitu. Sukuma tena. Ukitoka GB 8 kwenda 16, na ukibadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, umepata sehemu kubwa ya kasi ambayo mtu wa kawaida ataihisi. Kile kipande cha RAM cha zamani usikitupe, kwa bei za sasa kina mnunuzi.

Lakini hapa ndipo mtumba unapogoma. Baada ya RAM na diski, unataka kadi ya picha kwa ajili ya kijana anayejifunza kuhariri video. Kadi inataka umeme zaidi. Unaenda kununua pawa saplai ya kawaida, unarudi, unakuta waya zake haziingii: Dell na HP wameweka plagi zao wenyewe kwenye ubao mama. Ubao nao una umbo lake, kwa hiyo hauhamishiki kwenda kasha jingine. Vitufe vya mbele vinatumia waya wa kampuni hiyohiyo. Kompyuta uliyodhani ni ya kuongezwa imefika ukutani, na ukuta huo ulijengwa siku ilipobuniwa.

Prosesa ina kisa chake. Intel za kizazi cha sita na cha saba, na za kizazi cha nane, zote zinakaa kwenye soketi yenye pini 1,151. Ukizitazama kwa macho zinafanana. Ila Intel ilipotoa kizazi cha nane kwa kompyuta za mezani, Oktoba 2017, ilitaka ubao mama mpya. Matokeo yake, mpaka wa Windows 11 umepita palepale ambapo ubao unakataa. Mwenye kizazi cha saba hawezi kununua prosesa moja ya mtumba akavuka. Lazima abadilishe karibu kila kitu. Hata AMD haikuwa malaika. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba bao za AM4 za aina ya B450 hazitapokea Ryzen za kizazi kilichofuata, wateja wakafoka, ikabadili msimamo. Kwa hiyo ujuzi wa bisibisi una mpaka. Zaidi ya hapo anayeamua ni mtengenezaji, au mteja mkubwa anayeweza kumfokea.

Na Brussels imejaa wateja wakubwa. Tume ya Ulaya iko hapa, NATO iko hapa, benki, wizara, jimbo na manispaa zake 19, Forest ikiwa mojawapo. Wote hununua kompyuta kwa zabuni, na baada ya miaka minne au mitano huzibadilisha. Zinazotoka ndizo zinazomfikia mama wa Saint-Antoine. Nyingine huenda mbali zaidi: shirika la Close the Gap, lililoanzishwa Brussels mwaka 2003, hupokea kompyuta za makampuni, hufuta data, huzikarabati na kuzipeleka kwenye shule na miradi ya Afrika, na lina kituo Mombasa. Masharti yaliyoandikwa na ofisa manunuzi wa Brussels yanaamua kama mwalimu wa Mombasa ataweza kubadilisha pawa saplai iliyoungua kwa kipande cha dukani, au ataitafuta ya Dell mwezi mzima.

Najua pingamizi. Kampuni zinasema pawa saplai zao, zinazotoa volti 12 pekee, zinapoteza umeme kidogo mashine ikiwa imetulia, na ni kweli. Kasha dogo linaokoa nafasi mezani, na familia ya watu watano kwenye vyumba viwili nayo inaitafuta nafasi hiyohiyo. Kompyuta ya mezani hula umeme zaidi ya laptop, na bili ya Brussels haina huruma. Yote haya nayakubali kwa kiasi. Ninachokataa ni kuhesabu umeme wa miaka mitano ya ofisi na kusahau gharama ya kuunda mashine nyingine baada ya hapo. Bati linaloshikilia vipande kwenye ubao mama linachimbwa pia Bisie, Walikale, katika Kivu Kaskazini, ambako mgodi ulisimamishwa kwa muda Machi 2025 vita vilipokaribia. Kiwanda cha Umicore kule Hoboken, kitongoji cha Antwerpen, kinaweza kuyeyusha bao na kurudisha dhahabu na shaba. Hakirudishi kompyuta.

Sheria nayo imeliruka jambo hili. Tangu Mei 2025 Ubelgiji inadai laptop zionyeshe alama ya urahisi wa kukarabatiwa, hatua nzuri. Agizo la Ulaya la haki ya ukarabati, namba 2024/1799, ni la kutumika kuanzia tarehe 31 Julai 2026. Orodha yake ina mashine za kufulia, friji, simu, tableti, hata seva. Kompyuta ya nyumbani haimo. Seva ya benki imekumbukwa, kompyuta ya mtoto anayefanya kazi ya shule jikoni imesahauliwa. Orodha inaweza kuongezwa, na Tume ina mamlaka hayo, lakini mwendo wa Tume tunaujua.

Manispaa haina haja ya kuisubiri. Vigezo vya Ulaya vya manunuzi ya kijani kwa kompyuta vilitolewa upya 2021, ila ni vya hiari, na anayetaka kuvipita anavipita. Forest peke yake haiwezi kumtikisa Dell. Manispaa 19 zikinunua kwa pamoja, jimbo likiwa nazo, zinaweza. Masharti yenyewe hayajazi hata nusu ukurasa: pawa saplai ya kiwango cha kawaida cha ATX, ubao mama wa kipimo cha kawaida, RAM na diski zisizolehemiwa, prosesa inayotoka kwenye soketi. Na kwa kompyuta zinazoondoka ofisini mwaka huu, sharti moja la ziada ambalo halimgharimu mtu senti: mtu wa IT aondoe nenosiri la BIOS kabla ya kuitoa mashine. Zipo zinazofika kwa mnunuzi zikiwa zimefungwa nalo, nzima kabisa, na hakuna njia rahisi ya kuzifungua.