Jicho la Mbali kwa Mgonjwa wa Karibu

Zipo hospitali zenye mashine ya eksirei zisizo na bingwa wa kusoma picha zake. Askari aliyevunjika mbavu, au raia akohoaye damu, hupigwa picha, kisha daktari kijana hubaki peke yake na mashaka.

Mwaka 1998, Lord Swinfen wa Uingereza, aliyepata kuwa afisa wa jeshi, alianzisha pamoja na mkewe shirika la kuziba pengo hilo. Mwaka 1999 waliiunganisha hospitali ya waliopooza, karibu na Dhaka, Bangladesh, na mabingwa wa ng'ambo wanaojitolea bila malipo. Zana zilikuwa chache: kamera ya dijitali na barua pepe. Mwaka 2008 huko Marekani likafuata shirika la RAD-AID, linaloshughulikia radiolojia, pamoja na mafunzo yake.

Hata hivyo, yatupasa kulipima jambo hili kiaskari. Bingwa wa mbali huamua kwa taarifa aletewayo, kama kamanda amtegemeavyo mpelelezi wake. Picha yenye giza, au maelezo pungufu, huzaa shauri potovu. Na dhamana ya tiba ni ya daktari aliye kando ya kitanda. Tena jibu laweza kuchelewa, ilhali avujaye damu hangoji.

Basi wanaojitolea ni kikosi cha kuongeza nguvu, si jeshi lenyewe. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hana budi kuwafunza vijana wake kuzisoma picha hizo, ili siku mawasiliano yatakapokatika, mgonjwa asipoteze maisha.