Bibi harusi, usinunue kisanduku: nunua mkono na sindano



Sisi ni washonaji wa nguo za harusi, Bukoba mjini na Muleba, huku magharibi ya Ziwa Viktoria. Maswali tunayoyazoea ni ya shela, lesi na mkia wa gauni. Lakini karibuni bibi harusi mmoja wa Muleba alikuja kupima gauni, akatuonyesha picha kwenye simu: mashine ya santuri iliyomo ndani ya kisanduku chekundu chenye mpini. Alitaka kuiweka meza ya mbele siku ya sendofu na kupiga santuri za bibi yake. "Dada zangu, si nzuri?"

Tukamwambia ni nzuri kwa macho. Kisha tukamwambia asiinunue.

Tulikuwa na sababu. Sisi tuliwahi kununua kisanduku kama hicho, tukakipigia santuri ya familia iliyonusurika tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililobomoa nyumba nyingi hapa kwetu siku chache kabla ya Idi. Tetemeko halikuivunja. Tuliiharibu wenyewe, kwa kuipiga kila jioni na sindano nzito iliyochakaa. Leo sauti ya mwimbaji inatoka na mkwaruzo, na hakuna fundi wa kuuondoa. Ilikuwa amana, na tuliipoteza kwa kupenda rangi nyekundu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: ukiwa na fedha kidogo, usiitumie kwenye sanduku na urembo. Itumie kwenye mkono unaobeba sindano, na kwenye sindano yenyewe.

Fungua kwanza sanduku la bibi

Kabla ya kuuliza bei, angalia una santuri gani. Watu wengi wanaruka hatua hii.

Santuri za zamani kabisa ni nzito na hukatika kama sahani ya udongo. Hizo huzunguka mara 78 kwa dakika. Ndizo za enzi za Siti binti Saad, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa Fumba, Unguja, akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake. Ndogo za plastiki huzunguka mara 45. Taarab nyingi za Mombasa zilitoka kwa santuri hizo. Kubwa za plastiki huzunguka mara 33 na theluthi moja. Katika nyumba nyingine utakuta pia santuri za Qur'ani. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi msahafu mzima mwaka 1961.

Kama una za 45 na 33 tu, mashine nyingi zitakufaa. Kama una hata moja ya 78 unayoithamini, tafuta mashine yenye kasi zote tatu, na ujue kwamba utahitaji sindano mbili.

Sindano ni kama ya cherehani

Hapa tunajidai kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yetu. Hakuna mshonaji anayeshona shifoni kwa sindano namba 16. Itaacha matundu. Vivyo hivyo, mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, na ule wa santuri ya plastiki ni mwembamba sana. Sindano ya plastiki ukiiweka kwenye 78, inazama chini ya mfereji na kukuletea kelele za vumbi. Sindano ya chuma ya gramafoni ya kale ukiiweka kwenye santuri ya plastiki, inaichimba mara moja. Wazee walibadilisha sindano zile za chuma kila upande wa santuri. Sisi tunataka moja idumu miaka kumi!

Chagua sindano ya almasi. Visanduku vingi vya bei nafuu hutumia ya yakuti, ambayo huisha haraka, na ikiisha ndiyo inayokata.

Kisha kuna uzito. Bibi harusi anajua gramu, kwa sababu dhahabu hupimwa kwa gramu. Sindano nzuri ya santuri za plastiki hukanyaga kwa gramu mbili hivi, uzito wa pete nyembamba. Mikono ya visanduku vingi hukanyaga kwa gramu tano au zaidi, na haina mahali pa kupunguzia. Ndiyo maana tunasema mkono kwanza. Tafuta wenye uzani wa kuzungusha nyuma yake: unauzungusha mpaka mkono uelee sawa kama mizani, kisha unaongeza mpaka gramu zilizoandikwa kwenye maelezo ya sindano. Kama una shaka, mpelekee sonara aliye jirani, ana mizani ndogo.

Fedha igawanywe hivi

Ushauri wetu ni nusu ya bajeti kwa mashine, robo kwa sindano, robo iliyobaki kwa kifaa cha kuinua sauti, waya na usafiri. Usimalize yote dukani.

Kwa mashine mpya, Audio-Technica AT-LP60X ni rahisi kwa anayeanza: inajiendesha na ina kifaa cha kuinua sauti ndani yake. Lakini mkono wake haurekebishiki, na haina kasi ya 78. AT-LP120X ni ghali zaidi, ila ina kasi tatu, uzani wa kurekebisha, na kichwa cha VM95E, ambacho unachomoa sindano yake na kuchomeka nyingine ya santuri za 78. Kama fedha haitoshi, subiri zamu yako ya mchezo, au nunua ya mitumba yenye mkono mzuri, ubadilishe sindano na mkanda. Mkanda hulegea kama wa cherehani, na mashine ikichelewa, sauti inakuwa ya mgonjwa.

Kwa mitumba, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 na mizunguko 60. Transfoma itatatua volti tu. Nyingi zenye mota ya zamani zitazunguka taratibu hata ukiwa na transfoma.

Usichomeke mashine moja kwa moja kwenye tundu la AUX la sabufa ukategemea sauti. Vichwa vingi vizuri hutoa sauti ndogo mno, vinahitaji kile kifaa cha kuinua sauti katikati. Na usiweke spika meza moja na mashine, sindano itausikia mtikisiko na kuurudisha kama mvumo.

Jambo la mwisho: santuri ya 78 usiisafishe kwa spiriti. Inaiyeyusha.

Israfu ni ipi hapa?

Wapo watakaosema haya yote ni anasa. Kuhusu muziki, masheikh wana maneno yao, na hatuandiki kutoa fatwa. Kila mmoja ana mwalimu wake. Lakini tunavyoona sisi, israfu ni kununua pambo la siku moja ambalo litaharibu kitu kilichotunzwa miaka sitini. Kununua polepole kifaa kinachohifadhi sauti ya wazee, au kisomo ambacho babu alikisikiliza Ramadhani, tunakuona ni kutunza amana.

Yule bibi harusi tulimshauri jambo la tatu: santuri zisiende ukumbini kabisa. Ukumbini kuna vumbi, watoto, na miguu inayorukaruka. Azipige nyumbani kwa mashine nzuri, azirekodi, na siku ya sendofu apige nakala kutoka kwenye simu. Meza ya mbele aweke maua.

Alinuna kidogo. Baadaye alituambia ameazima mashine yenye mkono mzuri, akaipiga ile ya kwanza mbele ya bibi yake, wawili tu, kabla harusi haijaanza kuwa ya watu wote. Bibi alimwambia airudie.

Hilo kisanduku chekundu kisingeweza kulitoa bila kuacha jeraha. Allah azibariki ndoa zenu, na atujaalie kuwa watunzaji wa tulivyoachiwa. Amin.