"MZEE APUMZIKE": NENO LA HESHIMA AU LA KUTUPA?

Katika miji yetu ya Katanga, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, tunasikia kila siku: "Mwacheni mzee apumzike." Wasemao hivi wanadhani wanamheshimu baba yao. Sisi tunakataa. Mara nyingi neno hili ni ginsi ya kumtupa mzee kwa adabu.

Tazameni. Mzee aliyefanya kazi miaka 30 ananyimwa jembe, eti atachoka. Hatumwi sokoni, eti ataanguka. Ndugu wakikutana kwa shauri la mahari ya mjukuu, yeye haitwi, eti hasikii vizuri. Bukari yake inapelekwa chumbani, anakula peke yake. Kisha tunashangaa kwa nini anapoteza nguvu na akili!

Waganga wanajua sababu. Miguu isiyotembea inalegea, na miguu iliyolegea ndiyo inayoanguka. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee watembee, au wafanye kazi ya kiasi, kwa dakika 150 hivi kila juma. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika gazeti la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau. Kutosikia, kukaa bure na kukosa wenzi ni kati ya hayo. Mwaka 2025 Shirika lilelile lilisema kwamba vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vinahusiana na upweke.

Wengine watajibu: "Tuko mbali, lakini tunatuma franka kwa simu." Vema, franka ni lazima. Lakini mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa malipo. Waulizeni walio hai: walipoteza mshahara tu? Walipoteza pia wenzi wa kazi na mazungumzo ya njiani. Hayo hayatumwi kwa simu.

Na yule mama mzee anayesema peke yake usiku, msimwite mlozi. Pengine amekosa mtu wa kusema naye.

Tufanye nini basi? Mzee apewe kazi ya kadiri yake: kupalilia sombe, kufundisha wajukuu, kupatanisha majirani. Ale pamoja na watu wa nyumba. Asiyesikia vizuri, tukae mbele yake, tuseme polepole, bila kupiga kelele. Apelekwe kwa muganga kupimwa nguvu ya damu, hata kama haumwi. Akitaka kwenda kwa rafiki yake, kijana amsindikize.

Siku ya kilio tunakodi viti vingi, tunapika chakula kingi, tunalia kwa sauti kubwa. Alipokuwa hai, ni wangapi kati yetu waliovuta kiti wakaketi naye saa moja? Wenye wazazi wazee, jibuni swali hili leo, kabla ya Jumapili ijayo.