Fundi wa makochi hahitaji tovuti

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini kuna jambo linanikera na leo lazima nilitoe.

Mwaka 2021, nikiwa ndio nimetoka chuo na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nilimtengenezea tovuti fundi mmoja wa makochi anayefanyia kazi kando ya Barabara ya Ngong, hapa Nairobi. Nilimlipisha shilingi 30,000. Ilikuwa tovuti nzuri, nasema bila haya: picha zinazoteleza, fomu ya mawasiliano, ukurasa wa "Kutuhusu", na kikoa chake mwenyewe cha .co.ke. Mzee alifurahi, akawaonyesha majirani wote kwenye simu yake. Mwaka ulipoisha na ikawa ni wakati wa kulipia kikoa na seva tena, akaniuliza swali moja tu: "Injinia, hii kitu imeniletea wateja wangapi?"

Nikafungua kumbukumbu za seva. Mwanzoni nilifurahi, maana wageni walikuwa mamia. Nilipowachuja, wengi walikuwa roboti za injini za utafutaji na zile programu zinazozurura mtandaoni zikijaribu milango ya WordPress. Kati ya waliobaki, wengi walitoka kwenye anwani ya mtandao ya nyumbani kwangu. Fomu ya mawasiliano ilikuwa imepokea jumbe 14, zote za matapeli. Wateja? Sufuri.

Sikumwibia. Aliagiza tovuti akapata tovuti. Lakini ni mimi niliyemshawishi kwamba anaihitaji, na kwa fundi wa kiwango chake shilingi 30,000 ni mbao, sponji na kitambaa vilivyokosa kununuliwa mwezi huo. Sisi watengeneza programu tuna tabia hii: tunauza kile tunachojua kutengeneza, halafu tunakiita "suluhisho". Ukimwendea mwenye nyundo atakwambia shida yako ni msumari.

Basi nikamwambia mzee nitamfanyia kazi ya pili bila malipo. Tukakaa kwenye kochi ambalo halijavikwa kitambaa, tukauliza swali ambalo ningeuliza tangu mwanzo: wateja wake walimjuaje? Karibu wote walikuwa wa aina mbili. Kuna waliopita barabarani wakaona makochi, na kuna waliokaa kwenye kochi lake nyumbani kwa mtu wakauliza limetengenezwa wapi. Hakuna aliyeanza kwa kuandika anwani ya tovuti.

Kwa hao wa kwanza tulimweka kwenye ramani ya Google. Ni bure kabisa. Zamani Google ilikuwa ikituma postikadi yenye nambari ya kuthibitisha, na mpaka leo nashangaa walidhani itafikaje kwenye kibanda kisicho hata sanduku la posta. Siku hizi mara nyingi wanaomba video: unatembea ukionyesha barabara, kibanda na vifaa vyako vya kazi. Tulirekodi tukiwa na randa na cherehani mbele ya kamera, tukakubaliwa. Kisha kila mteja aliyeridhika akaombwa aandike maoni. Kuombwa tu, bila kuahidiwa punguzo la bei, kwa sababu Google hairuhusu maoni ya kununuliwa.

Kwa wale wa pili, wazo lilikuwa la mzee mwenyewe, na ndilo lililonifanya nione aibu kidogo kuhusu shahada yangu. Alikwenda kwa mchapishaji akatengenezewa vibandiko vidogo vyenye jina lake na nambari ya simu. Anakibandika kimoja chini ya mto wa kila kochi, pale unapoona ukitafuta rimoti iliyopotea. Kochi hukaa nyumbani miaka mingi. Kitambaa kikichakaa, mwenye kochi ana nambari ya kupiga. Mgeni akiuliza, mwenye nyumba anainua mto tu. Nionyesheni tangazo la Facebook litakalokaa sebuleni muda huo wote kwa bei ya kibandiko!

Nambari hiyo iko kwenye WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018 na ambayo pia ni bure. Ina katalogi ambamo unaweka picha, maelezo na bei. Ukurasa wa kwanza wa ile tovuti yangu ulikuwa na uzito wa megabaiti nne, na wateja wengi wa mzee hununua bando za siku. Hao hao wanaingia WhatsApp kila saa.

Hapo kwenye bei tuligombana. Mzee hakutaka kuiandika. "Nikiandika bei, jirani ataiona apunguze." Najua si yeye peke yake, maana biashara nusu nzima ya mtandaoni hapa Kenya inaendeshwa kwa "bei ni inbox". Mimi naona huku ni kumfukuza mteja. Anayeuliza bei faraghani anahisi anapimwa mfuko kwanza, na wengi hawaulizi, wanapita. Kuhusu jirani, anaijua bei yako tangu zamani, mnanunua mbao kwa mtu mmoja! Mwishowe tulikubaliana aandike "kuanzia" na kiasi cha chini. Simu za watu wanaouliza tu bila kununua zilipungua, na waliopiga walikuwa tayari wanajua wanaingia wapi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kijana mmoja alikuja kumuuzia mzee orodha ya nambari 5,000 za simu ili azitumie arafa za matangazo. Bei ilikuwa ya kuvutia kweli. Nilimkataza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uwe na idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara, na orodha iliyouzwa gizani haina idhini ya yeyote. Picha nazo ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwa hiyo mzee anapopeleka kochi kwa mteja anaomba ruhusa kwanza, na anapiga picha ya kochi, si ya watoto waliokaa juu yake.

Ukitaka kuwaandikia watu wengi, tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp. Ujumbe huo humfikia tu mtu aliyehifadhi nambari yako kwenye simu yake. Watu wa mauzo hulalamikia kizuizi hiki, mimi nakipenda. Anayehifadhi nambari ya fundi wa makochi ana haja na fundi wa makochi. Mzee ana watu wasiozidi mia mbili humo, na huwaandikia mara moja kwa mwezi, akiwa amepata kitambaa kipya.

Sisemi tovuti hazina kazi. Ukiuzia hoteli au shule, watakutafuta mtandaoni kabla ya kukupa oda, na hapo tovuti inakulipa. Mimi mwenyewe bado nazitengeneza na bado nalipwa. Ila siku hizi kabla sijataja bei namuuliza mteja anitajie wanunuzi wake kumi wa mwisho na jinsi kila mmoja alivyompata. Kuna kazi tatu nimezikosa kwa sababu ya swali hilo, na kodi ya nyumba haisubiri, kwa hiyo msidhani naliuliza kwa furaha.

Ile tovuti ya mzee niliizima mwaka 2022, na kikoa tukakiacha kikaisha. Kibandiko nimekiona majuzi nyumbani kwa rafiki yangu kule Rongai, chini ya mto, pamoja na sarafu ya shilingi kumi. Vitanda bado amekataa kuviandikia bei.