Picha za Ukungu Anazotuma Binti



Mwezi huu tunaijibu barua ya mama ambaye binti yake anaishi San Francisco, Marekani. Binti amenunua kamera, na kila Jumamosi huamka alfajiri kwenda kupiga picha pwani. Zile anazomtumia mama yake kwa simu ni nyeupe karibu zote: nusu ya daraja, mwamba wenye povu miguuni, miti inayoelea hewani. Majirani wakizitazama hucheka. Mama anaomba tumsaidie kumwambia binti aufute huo ukungu, kwa kuwa amesikia siku hizi simu yenyewe yaweza kuufuta, naye apate kuona mwanawe anakoishi.

Mama mpendwa, anakoishi ndiko huko. Wenzetu wa Lushoto, Njombe na Limuru wanaujua ukungu wa milimani, lakini ukungu mzito unaolala juu ya bahari ni mgeni kwetu, maana bahari yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Ya California ni baridi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti upepo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi hupanda kutoka chini, kiasi cha nyuzi 12 hadi 15 za sentigredi. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hupoa na kuwa ukungu, kisha joto la bonde lililo ndani ya nchi huuvuta kupitia mlangobahari wa Golden Gate. Daraja la hapo lilifunguliwa mwaka 1937, na moja ya sababu za kulipaka rangi ya chungwa iliyokolea ni kwamba rangi hiyo huonekana vizuri ukunguni. Minara yake inafika mita 227 juu ya maji, na bado kuna siku ambazo ncha tu ndizo hujitokeza. Hivyo ile nusu ya daraja binti hakuikata kwa bahati mbaya.

Tena kuipiga si kazi ndogo. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na ukungu ukatoka wa kijivu kama maji ya kufulia. Mpiga picha hana budi kuiongezea mwanga mwenyewe. Flashi haifai, kwa sababu mwanga wake hugonga vitone vya maji na kurudi usoni pa kamera. Lenzi nayo hukosa pa kulenga, mpaka ielekezwe kwenye ukingo mweusi, kama shina la mti. Wengine hupanda Mlima Tamalpais, wenye mita 784 hivi, wakautazama ukungu kutoka juu, umejaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli.

Kuhusu kufuta, sisi hatusemi kwamba kuhariri picha ni udanganyifu. Wengi wetu tunakumbuka kupeleka filamu studio ikasafishwe, na tulimjua fundi mzuri na mbaya. Ansel Adams, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902 na kuupiga picha mlangobahari huo mwaka 1932, kabla ya daraja, alifanya kazi kubwa katika chumba cha giza, akizuia mwanga hapa na kuuongeza pale. Ila alikuwa akikitokeza kilichokuwamo. Ile programu ya kuondoa ukungu haijui kilichokuwa nyuma yake. Huzidisha tu tofauti ya weusi na weupe, na ikizidishwa sana anga huchafuka, chembechembe hutokea, na mwamba huvaa mstari mweupe pembeni. Kidogo chatosha: mwamba wa karibu utiwe weusi ili jicho lipate pa kuanzia, wa mbali uachwe ufifie. Na ile rangi ya buluu ya alfajiri ibaki. Akiigeuza manjano, itakuwa picha ya saa nyingine.

Mtoto aliye ugenini anayetuma picha kila juma anatafuta la kuzungumza na mama yake. Akijibiwa kila mara kwamba zimeharibika, ataacha kutuma, na ukimya huo ni mgumu kuuvunja kuliko ukungu.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni ule mwamba wenye povu. Pwani ile ina mawimbi ya ghafla: bahari hutulia kwa dakika kadhaa, kisha likaja wimbi moja kubwa likafagia miamba iliyokuwa mikavu. Watu wamekufa hivyo, na ndani ya ukungu halionekani likija. Huku kwetu mtu akianguka ufukweni mara nyingi hutoka akicheka. Maji ya nyuzi 12 ni habari nyingine, na sisi wauguzi tunalijua hili: baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na akiwa chini ya maji huvuta maji. Baada ya dakika chache vidole havishiki tena kitu.

Basi ukimwandikia, mama, usianze na habari za majirani. Muulize huwa anakwenda na nani. Mwambie asimame juu, mbali na miamba iliyolowa, asiipe bahari mgongo hata akiwa anakagua picha zake, na avae koti lisilopitisha maji. Kamera aifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuingia nayo ndani penye joto, isije ikatoa jasho. Kisha mwombe akutumie picha mbili mbili, ile iliyotoka kamerani na ile aliyoihariri, pamoja na jina la mahali na saa. Ukiipenda mojawapo, ipeleke studio wakuchapie kubwa ya kutundika sebuleni. Waambie watumie karatasi isiyong'aa, ndiyo inayofaa kwa ukungu.