Fainali ikiisha sare, kanuni isitafutwe gizani

MPUNGA ukishavunwa, viwanja vya Kyela havilali. Kuanzia Ipinda hadi Mwaya, kutoka Ngonga hadi Matema, kila upande una kombe lake: la diwani, la mfadhili, la mbuzi, la ng'ombe. Vijana wanacheza, mama ntilie wanauza, wazee wanapata cha kubishania kijiweni. Ni jambo jema na liendelee.

Lakini mashindano haya yana ugonjwa wa miaka mingi, na unajitokeza siku ya fainali. Dakika 90 zinaisha, timu ziko sare, kamati na waamuzi wanakusanyika katikati ya uwanja kuulizana: ziongezwe dakika 30 au twende kwenye matuta? Timu iliyobaki na wachezaji 10 inataka matuta fasta. Yenye pumzi inataka nyongeza. Mashabiki wanaingia uwanjani, jua linazama, na mwisho wa siku mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua. Wengine wanafikia hadi kusema ng'ombe auzwe, fedha wagawane.

Hilo si soka. Sheria ya 10 kati ya zile 17 za mchezo huu iko wazi. Mshindi akihitajika, njia zinazoruhusiwa ni tatu tu: bao la ugenini kwa timu zinazocheza nyumbani na ugenini, muda wa nyongeza wa vipindi viwili sawa visivyozidi dakika 15 kila kimoja, na penalti. Mwandaaji anaweza kutumia moja au kuziunganisha, ila lazima kanuni za mashindano yake ziwe zimeshasema. Anachagua kabla ya mechi, si baada ya kuona nani amechoka.

Shabiki wa Kyela amezoea kuona njia zote mbili kwenye runinga. Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, Yanga na Coastal Union zilikwenda hadi dakika 120 zikiwa 3-3, ndipo Yanga ikashinda matuta 4-1. Agosti 2023, Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, Simba na Yanga zilimaliza dakika 90 bila bao na moja kwa moja zikapigiana matuta. Kipa Ally Salim akapangua matatu, Simba ikabeba ngao kwa 3-1. Utaratibu tofauti, lakini makocha wote walijua mapema kinachowasubiri, wakapanga hata wachezaji wa kuingia dakika za mwisho.

Wapo wanaosema dawa ni kurudia mechi. Imewahi kufanyika. Fainali ya Mataifa ya Afrika mwaka 1974 jijini Cairo, Zaire na majirani zetu Zambia zilitoka 2-2, zikarudiana siku mbili baadaye na Zaire ikashinda 2-0, mabao yote manne ya Zaire yakifungwa na Ndaye Mulamba. Huko Australia, kwenye mpira wao wa mikono na miguu, fainali ya mwaka 2010 kati ya Collingwood na St Kilda iliisha 68-68. Kanuni yao ilisema warudiane wiki inayofuata. Wapo waliokasirika, lakini kanuni ikafuatwa na Collingwood ikashinda 108-52. Mwaka 2016 wakaifuta, wakaweka muda wa nyongeza kwa fainali zilizofuata. Waliibadilisha mezani, si katikati ya uwanja huku pointi zikiwa sawa.

Kwa Kyela marudio ni mzigo. Timu ya Ikombe, kule chini ya Milima ya Livingstone, inafika Matema kwa mtumbwi au kwa miguu. Kuirudisha wiki nyingine ni nauli nyingine, chakula kingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Na kuichelewesha hadi giza ni kuwaweka vijana ziwani usiku, jambo ambalo hakuna kombe linaloweza kulilipia.

Ndiyo maana kiini cha tatizo ni saa. Ratiba inasema saa 10 alasiri, mgeni rasmi anafika saa 10:20, anakagua timu, anapiga picha, anahutubia. Mpira unaanza saa 10:30. Dakika 90 na mapumziko ya dakika 15 vinaishia saa 12:15, bado za majeruhi. Miezi ya Juni na Julai jua la Kyela huzama karibu saa 12:30. Viwanja vya kata havina taa. Nyongeza itachezwa saa ngapi?

Fainali ikianza saa 9:30, hesabu inakubali. Dakika 90 zinaisha kama saa 11:20, nyongeza inaisha kabla ya saa 12, matuta yanapigwa kipa akiuona mpira. Kila timu inarudi nyumbani kukiwa bado na mwanga.

Jambo jingine la kuandikwa ni la idadi. Matuta yanapigwa na waliokuwa mchezoni kipenga cha mwisho kilipolia, na timu yenye wachezaji wengi hupunguza ili ilingane na wenzao. Ugomvi mwingi huanzia hapo, kwa sababu nahodha anaisikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza akiwa amevua viatu.

Chama cha soka cha wilaya kina nafasi ya kulimaliza hili bila gharama. Kisitoe kibali kwa mwandaaji yeyote asiyeleta karatasi moja yenye majibu ya maswali manne: sare ya fainali inaamuliwaje, nani anapiga matuta, mechi inaanza saa ngapi, na rufaa inapelekwa wapi. Karatasi hiyo isomwe mbele ya manahodha kabla ya mechi ya kwanza, nao waisaini.

Mgeni rasmi akichelewa, akute mpira unaendelea. Atawahi kukabidhi kombe, na hilo ndilo lililomleta.