Sola za plastiki: Hoja si bei tu, ni kudumu juani

MKULIMA wa bustani anayetaka pampu ya sola, au mwenye kibanda cha kuchaji simu, huuliza kwanza bei. Ndiyo maana habari za paneli za plastiki, nyepesi na za kukunjika kama turubai, zimevutia wengi kwa zaidi ya miaka 20. Badala ya silikoni inayoyeyushwa kwenye tanuri kali, utando wa kuzalisha umeme hupakwa kama wino, mfano wa mashine ya kuchapa magazeti.

Siri iko kwenye mchanganyiko. Polima hupokea mwanga. Fulereni, molekuli ya atomi 60 za kaboni yenye umbo la mpira wa miguu, huchukua elektroni kutoka kwa polima. Fulereni iligunduliwa mwaka 1985, na Curl, Kroto na Smalley wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996.

Tatizo ni kwamba viwili hivi haviishi pamoja kwa amani. Vikichanganyika kupita kiasi, umeme haupati njia ya kutoka. Vikitengana, elektroni hazivuki. Hata vikipatana kiwandani, joto la muda mrefu huifanya fulereni ijikusanye mabonge, kama tui linalokatika jikoni. Paneli huonekana nzima huku umeme ukipungua. Kwa hiyo wanakemia walitengeneza polima ambazo fulereni imefungwa kwenye mnyororo wenyewe, isiweze kuhama. Dawa hiyo nayo ina gharama: fulereni ikizidi, polima hugoma kuyeyuka, na isiyoyeyuka haipakiki.

Soko halikusubiri. Konarka, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya sola hizi, ilifilisika mwaka 2012, wakati bei ya paneli za silikoni kutoka China ilipokuwa ikiporomoka. Tangu mwaka 2015 maabara nyingi zimegeukia molekuli zisizo za fulereni, na ufanisi umepita asilimia 18. Lakini hizo ni seli ndogo za maabara, si paneli ya kufunga juu ya bati.

Anayekopa pampu kwa marejesho ya misimu kadhaa hana budi kuuliza dhamana ya maandishi inasema paneli itatoa wati ngapi mwaka wa tano. Paneli nyingi za silikoni huja na dhamana ya nguvu ya miaka 25. Muuzaji wa sola ya plastiki asiye na karatasi kama hiyo anamwachia mnunuzi deni litakalodumu kuliko umeme.